KILA MTU NA MSWAKI WAKE

Kabla ya kuendelea, hebu hesabuni kidogo. Nyumbani mko watu wangapi? Na ile miswaki iliyo kwenye kikombe, au iliyochomekwa kwenye ukuta wa bafu, ni mingapi? Kama watu ni saba na miswaki ni mitatu, basi makala haya ni yenu.

Katika kutembelea vikundi tumekuta mambo mawili. La kwanza ni la zamani. Baba ana mswaki wake, na mama na watoto wanashirikiana mmoja. Au watoto wote wanapigana asubuhi, nani atangulie, kabla ya kwenda shule. La pili ni geni kidogo. Siku hizi stima imefika vijiji vingi, na wengine wana sola. Kijana aliye Nairobi au ng'ambo akija nyumbani Desemba, huleta zawadi ya mswaki wa stima. Mswaki ni mmoja, watu ni wengi, na kila mtu anataka kuujaribu. Ndipo swali linapokuja: "Si tuutumie kwa zamu? Si sisi ni familia moja?"

Jibu letu ni fupi. Mpini unaweza kuwa wa nyumba nzima, lakini nywele za mswaki ni za mtu mmoja tu. Na kama pesa ni kidogo, afadhali kila mtu awe na kijiti chake kuliko watu sita kutumia mswaki mmoja wa dukani. Sasa tueleze kwa nini.

KINACHOBAKI KWENYE MSWAKI

Pitisha ukucha kwenye meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Utaona kitu laini, cheupe au cha manjano kidogo. Huo ndio ukoga. Ukoga si mabaki ya chakula tu. Ni vijidudu vingi sana vilivyoshikamana pamoja juu ya jino. Tunapokula sukari, chai tamu, soda, mandazi au biskuti, vijidudu hivi navyo hula ile sukari, halafu hutoa asidi. Asidi hiyo hulainisha ngozi ngumu ya jino kidogo kidogo, mpaka tundu linatokea. Ukoga ukikaa karibu na fizi, fizi huvimba, huwa nyekundu na hutoka damu.

Kazi ya mswaki ni kuukwangua huo ukoga. Sasa fikiria: ukishaukwangua, unakwenda wapi? Mwingine unatemwa. Mwingine unabaki katikati ya nywele za mswaki, pamoja na mate, na pengine damu. Kuusuuza mswaki kwa maji huondoa povu na uchafu unaoonekana, lakini hakuondoi vijidudu vyote. Mtu wa pili akiuchukua mswaki huo, anaanza kwa kujipaka mdomoni yale aliyoyatoa mwenzake.

Wengine watasema, "Lakini sisi tunakula sahani moja, tunanywea kikombe kimoja, na hatujafa." Ni kweli kwamba watu wa nyumba moja hupeana vijidudu vingi kwa njia nyingi. Hata vile vinavyotoboa meno, mara nyingi mtoto mchanga huvipata kutoka kwa mama au mlezi wake kwa njia ya mate, kama vile kulambwa kijiko au kutafuniwa chakula. Lakini mswaki si kama sahani. Sahani haikwangui fizi zako. Mswaki hupita mahali penye vidonda vidogo ambavyo hata mwenyewe huvioni, na hupita hapo kwa nguvu.

DAMU NDIYO JAMBO KUBWA

Je, ukipiga mswaki, ukitema, huona wekundu kwenye mate? Wengi wetu huona, na husema ni kawaida. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 uliona kwamba karibu watu wazima wote waliopimwa walikuwa na fizi zinazotoka damu. Kwa watoto, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na jino lililotoboka. Kwa hivyo tunaposema damu kwenye mswaki, hatuzungumzi juu ya mtu fulani mgonjwa. Tunazungumza juu ya karibu kila nyumba.

Ugonjwa tunaouhofia zaidi hapa ni ule wa ini unaoitwa hepataitisi B. Virusi vyake hukaa katika damu, na vinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Siku saba ni siku nyingi kwa mswaki unaotumiwa kila asubuhi. Mtu anaweza kuwa na virusi hivi miaka mingi bila kujua, huku ini lake likiharibika polepole. Ndiyo sababu wahudumu wa afya hukataza kushirikiana wembe na mswaki. Watoto wetu wadogo hupata kinga ya ugonjwa huu katika zile chanjo za kawaida za kliniki, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini watu wazima wengi hawakuwahi kuipata.

Na UKIMWI je? Hili huulizwa kila mara, basi tuliseme wazi. Mate hayaambukizi UKIMWI. Kula pamoja hakuambukizi. Virusi vya UKIMWI havidumu vizuri nje ya mwili, na hatari ya kuvipata kupitia mswaki ni ndogo sana. Hata hivyo, kwa kuwa mswaki hugusa damu, usishirikiwe.

SHERIA YA WOTE HAIMTENGI MTU

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Kuna nyumba ambamo mtu mmoja akijulikana kuwa mgonjwa, mswaki wake huondolewa na kuwekwa mbali, pamoja na kikombe chake na sahani yake. Huyo mtu huumia moyoni kuliko anavyoumia mwilini. Na wale wengine wanaobaki na mswaki wao mmoja hudhani wamejikinga, kumbe wanaendelea kupeana damu kila siku, na hakuna hata mmoja wao aliyepimwa.

Sheria nzuri ni ile ya wote. Baba ana wake, mama ana wake, nyanya ana wake, kila mtoto ana wake, na msichana wa kazi ana wake. Mgeni akija kulala, apewe mpya au kijiti. Ikiwa hivyo, hakuna anayeuliza "Kwa nini wangu umewekwa kando?" maana kila mmoja ana wake tangu mwanzo. Sahani na vikombe endeleeni kutumia pamoja kama kawaida, bora vioshwe.

SASA, HUO MSWAKI WA STIMA

Mswaki wa stima si kitu cha jana. Ule uliojulikana kwanza uliitwa Broxodent. Ulibuniwa Uswisi mwaka 1954 na daktari Philippe-Guy Woog, na ukaanza kuuzwa Marekani mwaka 1960. Ulikusudiwa hasa watu ambao mikono yao haikuweza kusugua vizuri. Ndani ya mpini mna mota ndogo inayotikisa au kuzungusha nywele. Wewe unaupeleka tu jino kwa jino.

Je, unasafisha kuliko wa kawaida? Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2014 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa juu ya jambo hili. Waliona kwamba baada ya miezi mitatu, waliotumia mswaki wa stima walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, wakilinganishwa na waliotumia mswaki wa mkono. Ni faida, lakini si muujiza. Mswaki wa mkono ukitumiwa vizuri, mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, unatosha kabisa. Na faida yote ya stima hupotea mswaki mmoja ukipita vinywa vitano.

Kama mmeletewa mswaki wa stima, angalieni mambo haya:

1. Kichwa kinatoka? Miswaki mingi ya stima ina kichwa kinachochomolewa. Hapo kila mtu anaweza kuwa na kichwa chake na mpini ukawa wa wote. Mingine huja na pete za rangi mbalimbali ili kila mtu ajue chake. Lakini ile rahisi ya betri, mara nyingi kichwa chake hakitoki. Huo ni wa mtu mmoja, basi.

2. Vichwa vinapatikana wapi, na kwa bei gani? Navyo huchakaa kama mswaki wa kawaida. Mara nyingi kichwa kimoja huuzwa ghali kuliko mswaki mzima wa mkono, na katika maduka ya kijijini havipatikani. Kabla hamjaufurahia sana, mwulizeni aliyeuleta kama atakuwa akileta vichwa pia.

3. Mpini nao uoshwe. Maji, mate na dawa ya meno hushuka chini ya kichwa na kuganda pale. Kila mtu akimaliza, achomoe kichwa chake, asuuze, apanguse mpini kwa kitambaa safi, ndipo ampe mwenzake.

4. Tazameni nguvu ya stima. Stima yetu hapa Kenya ni volti 240. Ya Marekani ni volti 120. Geuzeni chaja msome maandishi madogo. Kama imeandikwa 100–240, haina shida. Kama imeandikwa 110 au 120 peke yake, msiichomeke kwenye stima yetu. Itaungua, na yaweza kuleta moto.

Na kama kichwa ni kimoja tu, na haiwezekani kupata vingine, nani apewe? Mara nyingi huchukuliwa na kijana kwa sababu anapenda vitu vya kisasa. Sisi tungesema apewe yule ambaye mikono yake haimsaidii vizuri: nyanya mwenye baridi yabisi kwenye vidole, mzee aliyepooza upande mmoja, au mtoto mlemavu anayesuguliwa na mlezi. Hao ndio waliofikiriwa tangu mwanzo, na kwao huo mswaki ni msaada kweli.

KAMA PESA NI KIDOGO

Tufanye hesabu. Mswaki hufaa kubadilishwa baada ya miezi mitatu au minne, au mapema zaidi nywele zikianza kulala upande. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: badilisheni kila shule zinapofunguliwa, yaani mara tatu kwa mwaka. Tuseme nyumba ina watu 6, na mswaki wa kawaida ni shilingi 50. Watu 6 mara 3 ni miswaki 18. Miswaki 18 kwa shilingi 50 ni shilingi 900 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 75 kwa mwezi, au chini ya shilingi 20 kwa wiki, kwa watu wote sita. Sasa nendeni mkaulize bei ya kung'oa jino moja, mwongeze nauli, na siku ya kazi iliyopotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini tunajua ziko nyumba ambazo hata hiyo ishirini haipatikani. Hapo ndipo tunarudi kwa mababu zetu. Hili jina lenyewe, mswaki, ni la mti. Mti huo huota sehemu kavu, kama vile Turkana, Garissa na Wajir, na watu wa huko wamesafisha meno kwa vijiti vyake kwa karne nyingi. Shirika la Afya Duniani nalo limeunga mkono matumizi ya vijiti hivi mahali vinapotumika kwa desturi. Mahali pengine watu hutumia mwarobaini. Fanyeni hivi:

– Kata kijiti kibichi chenye unene wa penseli na urefu wa kiganja.
– Menya ganda upande mmoja, kiasi cha upana wa kidole.
– Tafuna ncha hiyo mpaka nyuzi zifunguke na kulainika kama brashi.
– Sugua polepole, jino moja moja, mbele na nyuma. Usichokoe fizi.
– Kesho yake, kata ncha iliyotumika na utafune mpya.

Tahadhari moja: msikate kijiti kwenye mti msioujua, hasa ile ya ua inayotoa utomvu mweupe. Utomvu wake huunguza mdomo na macho. Waulizeni wazee ni mti gani hutumika kwenu.

Uzuri wa kijiti ni kwamba hakiombwi na mtu. Kila mtoto hukata chake. Watoto sita wenye vijiti sita wako salama kuliko watoto sita wenye mswaki mmoja mzuri wa dukani. Kama kuna dawa ya meno yenye floraidi, inaweza kutumiwa na kijiti pia, kwa sababu floraidi ndiyo hulipa jino nguvu ya kushindana na asidi.

Juu ya dawa ya meno, mambo mawili. Nyumba nzima inaweza kutumia tyubu moja, lakini mdomo wa tyubu usiguse nywele za mswaki wa mtu. Kamueni dawa pembeni au kwenye sahani ndogo safi. Pili, mtoto wa chini ya miaka 3 awekewe kidogo sana, kama punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6 awekewe kama punje ya njegere, na afundishwe kutema, si kumeza. Hili ni muhimu hasa kwa walio Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako maji ya visima yana floraidi nyingi kupita kiasi. Mtoto anayemeza dawa juu ya maji hayo huzidi kuharibika meno, yakawa na madoa ya rangi ya kahawia.

KUTUNZA MISWAKI BILA KUICHANGANYA

Mara nyingi watu hushirikiana mswaki si kwa kupenda, bali kwa kukosa kujua upi ni wa nani. Miswaki mitano ya kijani kutoka duka moja, nani atajua wake? Fungeni uzi wa rangi tofauti kwenye kila mpini: mwekundu wa Juma, wa manjano wa Achieng', mweusi wa Wanjiru. Wengine hupaka rangi ya kucha. Kwa wanaojua kusoma, andikeni herufi ya kwanza ya jina.

Baada ya kupiga mswaki, suuzeni kwa maji safi, mkung'ute, kisha msimamishe nywele zikitazama juu zikauke kwa hewa. Msifunike ukiwa umelowa, wala msiuache kwenye choo au mahali nzi wanapotua. Kama mnaiweka kwenye mkebe mmoja, nywele zisigusane. Mkebe wenye kifuniko cha mbao kilichotobolewa mashimo ni rahisi kutengeneza, kila shimo na mswaki wake.

Na watoto wadogo wasiachwe peke yao. Mpaka miaka 7 au 8 hivi, mkono wa mtoto haujui kusugua vizuri. Mzazi amsugulie, kwa mswaki wa mtoto mwenyewe, hasa usiku kabla ya kulala. Usiku mate hupungua kinywani, na asidi hufanya kazi bila kizuizi.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Jambo hili ni rahisi zaidi mkilifanya pamoja. Chukueni kikundi cha nyumba 20, zenye watu 6 kila moja. Hao ni watu 120, yaani miswaki 120, au dazani 10. Mkienda kwa duka la jumla na dazani 10, bei haitakuwa ile ya mmoja mmoja. Mnaweza kuweka shilingi 20 kwa kila nyumba siku ya mkutano wa kila wiki, kando na pesa za merigoraundi, na mweka hazina aziandike kwenye daftari lake. Shule zikikaribia kufunguliwa, mnunue na mgawane: idadi ya miswaki iwe idadi ya watu, si idadi ya nyumba. Nyumba ya mjane mwenye watoto wengi isipunjwe.

Msisahau kumwalika mhudumu wa afya wa jamii siku moja aje awaonyeshe namna ya kusugua, na awaelekeze mahali pa kupimwa na kupata chanjo ya hepataitisi B kwa watu wazima. Anayeona fizi zake zinatoka damu kila siku, au jino linauma usiku, asingoje mpaka shavu livimbe. Aende hospitali mapema, jino likiwa bado linaweza kuzibwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba zetu, nani hukosa mswaki kwanza pesa zikipungua? Kwa nini huyo?
2. Je, kuna mtu tuliyewahi kumtenga kwa sababu ya ugonjwa, kwa kuondoa vyombo vyake? Sheria ya kila mtu na mswaki wake ingemsaidia namna gani?
3. Ni miti gani ya kwetu inayofaa kwa vijiti, na iko wapi? Tunaweza kupanda mingapi?
4. Tuanze kuweka pesa za miswaki lini, na nani atakwenda kuuliza bei ya jumla?